Paluku Wawili wa Mama Mmoja

Salamanca, tarehe 3 Februari 2024

Koko wangu mpenzi,

Pokea salamu za mjukuu wako kutoka kwenye baridi inayouma masikio. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea. Natumaini miguu yako imeacha kuvimba na kwamba Fortunée hakutilii chumvi kwenye pondu, majani yako ya muhogo, kwa siri. Wasalimie majirani wote wa Simi-Simi. Msalimie pia tonton Zacharie, mjomba wetu wa samaki. Mwambie huku samaki wanauzwa bila vichwa na hakuna anayeona haya.

Nimekubali tuandikiane kwa karatasi kama ulivyotaka, ingawa barua hii itapita kwa masista wa Madrid, kisha Kinshasa, kisha mikono ya nani sijui. Najua masikio yako hayashiki tena simu, na Fortunée akiweka sauti kubwa ua mzima unapata habari zetu kabla yako.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita alikuja chuoni msichana anayeitwa Olga, na mkononi alikuwa na karatasi ya wakili. Babu yake amefariki akiwa mzee sana. Aliitwa Don Íñigo, Marquis wa Peñahonda, mkabaila na kamanda wa vita. Mwaka 1966 aliongoza kikosi cha Wahispania waliokodiwa na serikali yetu, na kambi yao ilikuwa Kapalata. Katika wosia wake ameandika kwamba aliacha mtoto Kisangani: «mwanangu Paluku, aliyezaliwa na Kasoki, binti wa mfanyabiashara wa maharage». Anataka mtoto huyo, au kizazi chake, kiingizwe katika ukoo. Tena anakataza mtu yeyote kupimwa damu. Anasema jina latosha, maana mama huyo hawezi kukosea jina.

Wakaulizia parokiani kwetu. Wakajibiwa kwamba Kasoki yupo, ndiye wewe. Paluku mwanawe amekufa, ndiye papa, baba yangu. Naye ameacha kijana anayesoma Uhispania. Olga akapanda treni kuja kunitazama.

Koko, ni kweli? Papa alikuwa mweusi kuliko mimi. Hukuwahi kuniambia kitu, na yeye hakuwahi kusema. Nijibu upesi.

Mjukuu wako,
Élie Paluku


Kisangani, tarehe 9 Machi 2024

Élie, mume wangu mdogo,

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha kahawa juu yake. Asante kwa salamu, majirani wamezipokea. Mvua imeng'oa mabati mawili upande wa jikoni, na Fortunée amepanda juu mwenyewe kuyapigilia huku akiwatukana mafundi wote wa mji. Miguu yangu ni ileile. Daktari anasema si miguu, ni moyo. Alisema kwa sauti ndogo akidhani sisikii, na kwa bahati mbaya siku hiyo nilisikia. Padri amekuja kunipaka mafuta, kwa tahadhari tu.

Zacharie alileta samaki Jumamosi, akawaacha kwenye mlango wa jikoni kama kawaida yake. Nilimwambia aingie. Akasema nguo zake zina maji.

Nimesoma ulichoandika. Nimekisoma tena na tena, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kusoma mkataba. Mtu huyo nilimjua.

Usisaini kitu chochote. Sitaki kuandika zaidi leo, taa inazimika. Ukiwa na utii kwangu hata kidogo, usisaini.

Koko wako,
Kasoki

Huyo Olga ana umri gani?


Salamanca, tarehe 14 Aprili 2024

Koko wangu,

Nakusalimu na kukuombea nguvu. Nimetuma dawa za moyo pamoja na barua hii. Sista amezifunga ndani ya soksi. Tafadhali usimgawie mtu. Mwambie Fortunée ashuke kwenye paa, nampenda akiwa mzima.

«Nilimjua.» Ndiyo yote uliyoniandikia baada ya wiki zote nilizosubiri. Basi nitakueleza mimi nilichokiona, labda utaongeza.

Pasaka nilialikwa Peñahonda. Ni nyumba ya mawe juu ya kilima, na paa la nusu yake si zuri kuliko lako. Kwenye ngazi wamechora ukoo wao ukutani, kuanzia chini hadi dari, mti mzima wa majina. Yuko aliyepigana na Wamori, yuko aliyekuwa gavana wa Oran, yuko aliyezama njiani kwenda Cuba. Kila mzaliwa wa kwanza anaitwa Íñigo. Olga alinishikia taa nisome. Olga anasema alipokuwa mdogo alidhani majina yale ni ngazi za kupandia mbinguni.

Íñigo wa mwisho ni yeye, kamanda. Alisoma shule ya jeshi, akapigana jangwani Afrika ya Kaskazini, akagombana na jenerali mmoja, akaacha jeshi na kuja kwetu. Chini ya picha yake wameandika kwamba aliwaokoa masista katika Kongo. Olga anasema uzeeni hakuzungumza habari za Kongo, ila usiku wa mvua kubwa aliamka na kusimama dirishani. Chini ya jina lake, upande wa kushoto wa binti yake, mama yake Olga, wameacha tawi tupu, rangi bado mbichi. Ni mahali pa papa, kisha pangu.

Shangazi mmoja wa Olga alinishika kidevu mbele ya watu wote, akasema: «Tazameni, ni kidevu cha Peñahonda!» Nilitamani kucheka. Olga alicheka kwa niaba yangu.

Watu wote watakutana tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na mthibitishaji wa serikali atakuwepo ili nisaini. Nikisaini nitakuwa mjukuu halali, pamoja na uraia na jina. Najua umesema nisifanye hivyo. Lakini hukutoa sababu, na wewe ndiye uliyenifundisha kutokubali jibu lisilo na sababu.

Umeuliza umri wa Olga. Ana miaka ishirini na sita. Sijui kwa nini umeuliza. Ni binamu yangu. Tumekubaliana kuitana hivyo, binamu, na tunaitana hivyo kila siku.

Élie


Kisangani, tarehe 19 Mei 2024

Mjukuu wangu Élie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Soksi imefika na dawa zake, nalala vizuri zaidi. Fortunée ameshuka. Mtoto wa jirani amepata diploma na tumekunywa bia yake. Hayo ndiyo mazuri, sasa kaa chini.

Nimekwisha kumwambia Mungu habari hii kupitia padri, na Mungu hakunisumbua. Anayenisumbua ni wewe.

Mwaka 1966 baba yangu aliuza maharage ya Lubero kwa kambi ya Kapalata. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya masista, najua Kifaransa na hesabu, kwa hiyo nilikwenda naye kupokea oda. Kamanda alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na kiatu chake daima kilikuwa safi katika mji uliojaa matope. Utaniuliza kama alinilazimisha. Hakunilazimisha. Wala msichana wa miaka kumi na tisa mbele ya mtu mwenye askari na bunduki hawezi kusema alikuwa huru kabisa. Chukua jibu hilo, sina lingine.

Jioni alipenda kunitajia mababu zake, mmoja baada ya mwingine, hao uliowasoma kwenye ngazi. Nami nikamweleza desturi ya Wanande. Nikamwambia kwetu jina la mtoto linafuata tumbo la mama: mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na mtu akisikia jina lako tu anajua umezaliwa wa ngapi. Alifurahi sana. «Basi ninyi ni wakabaila kuliko sisi,» alisema. Aliondoka Julai 1967, vita vya askari wa kukodiwa vilipowaka, nami nikiwa na mimba. Neno lake la mwisho lilikuwa: «Akiwa mvulana ni Paluku, sivyo?» Nikasema ndiyo.

Ni kweli aliwatoa masista. Niliwaona ndani ya lori. Ni kweli pia kwamba asubuhi moja askari wake walizipiga risasi pirogi, ile mitumbwi ya mtoni, karibu na maporomoko, wakidhani zimebeba waasi. Zilikuwa zimebeba wavuvi waliotoka kwenye mitego. Jioni ile alikuja kwangu, akataja mababu zake wote na vita vyao vyote, na siku ile akairuka.

Mtoto alizaliwa Novemba, mvulana, mweupe kama karatasi. Nikamwita Paluku. Baba yangu akafunga mlango. Babu yako Octave alikuwa tayari ameniposa, na alikuwa mtu mwema, lakini alisema hivi, nikiwa na mtoto mgongoni:

«Kasoki, mimi nitakuoa. Lakini sitaanzia kwa Kambale. Mutoto yangu ya kwanza iko Paluku. Huyo ingine, bon, mimi sikumuona.»

Nikampeleka mtoto maporomokoni. Nilimwendea Mama Ursule, mke wa mvuvi, niliyemjua kanisani. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha, kwamba mwanawe mkubwa alikuwa katika pirogi mojawapo. Nilipokumbuka nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikamwambia: Mama, mtoto huyu ni wa kamanda, nirudi naye?

Akamfunua kitambaa, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua samaki. «Iko na bunduki?» akauliza. «Hapana, Mama.» «Basi lete.»

Alimpa jina la mwanawe aliyeuawa. Alimwita Zacharie.

Ndiyo, huyo huyo. Mji mzima unadhani baba yake alikuwa Mgiriki wa duka la vitambaa, na mimi niliwaacha wadhani. Octave alipokuwa hai hakumruhusu kupita mlango wa jikoni, na baada ya Octave kufa Zacharie mwenyewe hapiti. Sijui anachokijua. Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kuuliza.

Miaka mitatu baadaye nilimzalia Octave mvulana, tukamwita Paluku, kana kwamba tumbo langu halijawahi kufunguka. Huyo ni papa yako. Ni mtoto wa Octave, kucha hadi nywele. Kwa haki alikuwa Kambale. Marquis aliamini kwamba mama wa Kinande hawezi kukosea jina, na wakili wake akamkuta Paluku asiye wake.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilijiambia: Kasoki, nyamaza. Hakuna wa kupima damu, hakuna wa kusema. Mtoto apate nyumba, apate uraia, huku kuna nini? Karibu nifanye hivyo. Ndiyo maana nilikuandikia nusu ya maneno.

Lakini katika barua yako ya pili jina la Olga limemwagika kila mahali kama mchele. Unaniambia ni binamu, halafu unanieleza jinsi mnavyokubaliana kuitana binamu. Élie, ndugu hawakubaliani. Nikinyamaza, utapata ukuta wa wafu na utampoteza mtu aliye hai. Nikisema, utapoteza ukuta. Damu yako haigusi damu ya msichana huyo popote.

Fortunée asingeweza kupiga picha karatasi hizi na kuzituma kwa simu bila kuzisoma, naye ni mtoto wa dada ya Octave. Barua nimempa Nassoro, mfanyabiashara anayepitia Brussels. Ameapa kukufikishia. Ninahesabu Jumapili zilizobaki kabla ya tarehe 24 Juni, na kila nikihesabu zinapungua.

Kasoki, koko wako


Salamanca, tarehe 18 Juni 2024

Koko,

Salamu. Natumaini uko salama. Fortunée ameniandikia kwenye simu kwamba unaniulizia kila asubuhi kama nimepata, na hajui nipate nini. Mimi sijapata kitu. Huyo Nassoro ambaye Fortunée ananitajia hapokei simu.

Nimechoka kusubiri, Koko. Kimya chako nimekisoma kama ndiyo. Mtu angekuwa na la kukanusha angelikanusha tangu Februari. Jumatatu nitasaini.

Olga amepata kazi Chile, ameikubali. Ni mbali sana. Wote wanashangaa kwa nini ameikubali, mimi sishangai. Alikuja kuniaga, tukazungumza habari za hali ya hewa.

Vaa soksi usiku.

Élie


Peñahonda, tarehe 25 Juni 2024

Koko, Koko wangu,

Usife kabla ya kusoma hii. Nisamehe, sina salamu nyingine.

Nassoro alishikwa na malaria Brussels, akalazwa, na barua yako ikalazwa naye ndani ya koti. Alipopata fahamu alimpa mtawa mmoja, naye akasafiri nayo hadi Salamanca, akaambiwa niko huku. Ilifika jana asubuhi hapa kilimani, mikononi mwa dereva wa teksi, wakati mimi nimekwisha kufunga tai na mthibitishaji anajaribu kalamu yake. Nikaomba ruhusa, nikaenda kuisoma chooni, mahali pekee katika nyumba hii penye ufunguo.

Nilikaa huko mpaka wakagonga.

Nilipotoka sikujua la kufanya, basi nikafanya ulilotufundisha: nikasimama nikasoma kwa sauti, nikiwatafsiria sentensi moja moja, pale pale kwenye ngazi, chini ya majina yao. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye pirogi mama yake Olga alikaa chini. Shangazi wa kidevu alikitazama tena kidevu changu kana kwamba kimemwibia. «Sasa ni cha nani?» akauliza. Nikasema: «Ni cha Octave, mama. Mkwe wa muuza maharage.»

Olga alicheka. Kisha akalia, kisha akatoka nje kwenye jua. Nikamfuata. Mengine sitakuandikia, ila Chile imeahirishwa.

Sikusaini. Wakili anasema tawi lile ni la Zacharie, akilitaka, na mama yake Olga amesema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyezeeka saa ile. Sijui namna ya kumwambia mtu kitu kama hiki. Muulize wewe. Fanya haraka, Koko, na usichoke.

Nimekuwa nikikukasirikia tangu jana, na tangu jana nina furaha. Vyote viwili vinakaa pamoja, sikujua vinaweza.

Élie, mtoto wa Kambale


Kisangani, tarehe 21 Julai 2024

Mume wangu mdogo,

Barua yako imenikuta hai, daktari ameaibika. Naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo mistari inapanda mlima. Kwetu wote wazima. Fortunée sasa anajua yote, nitakueleza jinsi alivyojua.

Jumamosi ya tarehe 13 Zacharie alikuja na samaki. Nilikuwa nimeamka mapema, nimeketi sebuleni, na kiti cha Octave nimekisogeza karibu na changu. Nikamwita. Akajibu kutoka jikoni: «Nguo iko na maji, mama.» Nikamwambia: «Ingia na maji yako.»

Akaingia. Hakukaa. Nikamwambia kila kitu, kuanzia maharage hadi kilima cha Peñahonda, na mtu yule mkubwa mwenye mvi alisimama ameshika kofia, maji yakidondoka kwenye saruji.

Nilipomaliza alisema: «Mama Ursule alinisemea zamani, siku ya komunyo yangu. Alisema, mama yako iko kule Simi-Simi. Utamupelekea samaki, lakini usimuulize kitu. Siku moja atasema mwenyewe.»

Akaigeuza kofia mikononi. «Nimeleta samaki mingi, mama.»

Élie, nimefundisha historia maisha yangu yote, na samaki hao sikuwahi kuwahesabu.

Kisha akauliza: «Huyo papa, marquis. Ile ni kazi gani? Iko na mitego?» Nikamwambia ana ukuta wenye majina ya mababu, na kwamba wanataka kuandika lake. Akafikiri. Unajua pale maporomokoni kila ukoo una mahali pake pa kusimika miti ya mitego, na watu wa Mama Ursule walimpa mahali pa marehemu mwanawe, kama wa damu. Akasema: «Mimi niko na mahali yangu. Lakini kama wanataka kuandika, waandike kwanza Zacharie ya kwanza, mwenye walipiga pale mtoni. Chini yake, mimi. Wakikatala, ukuta yao ibaki na tawi yake.»

Wapelekee maneno hayo kama yalivyo. Usiyalainishe.

Akageuka aende, akarudi. «Na ile jina,» akasema. «Ile ulinipatia. Unaweza kuniita nayo sasa?»

Nikasema: Paluku. Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka, ndipo nikajua kwamba Fortunée amesikia yote.

Akakaa. Kwenye kiti cha Octave, na maji yake yote. Fortunée alileta chikwangue, mkate wetu wa muhogo, na samaki bila kumtazama mtu, na alipoweka sahani mbele yake alisema tu: «Kula, tonton, itapoa.» Nikamweleza pia habari zako na za Olga, kwamba hamna damu moja, ila wote wawili mna damu moja naye: wewe ni mtoto wa mdogo wake, yeye ni mtoto wa dada yake. Alicheka mpaka akakohoa. «Kumbe siku ya mahari mimi ni baba mkubwa kwa bwana harusi, na mjomba kwa bibi harusi! Nitatoa mbuzi kwa mkono huu, nitapokea kwa mkono huu. Hakuna mwenye atanidanganya bei.»

Nimechoka, mume wangu mdogo. Yeye anakuja kila siku sasa, hata bila samaki, na jioni ananishikia taa kama Olga alivyokushikia. Ameketi hapa ninapoandika na anauliza nitamaliza lini.

Usimwite tena tonton wa samaki. Andika barua kwake, ianze na salamu, kama kwa baba yako mkubwa. Mimi sitaweza kumsomea, lakini Fortunée atasoma, kwa sauti kubwa, ua mzima usikie.

Mama wa Paluku, na wa Kambale,
Kasoki